Mlezi wa Tandika

Watu wengi huuliza namna ya kumfunza mtoto wa miaka miwili tabia njema wakati kosa limeshatokea. Ameuma mwenzake, amegaragara dukani akitaka juisi, amemwaga unga sebuleni. Swali hilo huja na hasira, na mara nyingi jibu lake huwa kofi. Mlezi ninayetaka kumwelezea hapa huanza kazi kabla mtoto wa kwanza hajafika, na sehemu kubwa ya ufundi wake imo katika saa hiyo ya alfajiri ambayo hakuna mzazi anayeiona.

Kituo chake kiko Tandika, wilayani Temeke, katika nyumba ya kawaida yenye uzio wa mabati na mwembe uani. Watoto ni wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Mama zao wengi wanauza mitumba na mboga soko la Tandika, wengine ni mamalishe, wengine wanapanda daladala kwenda kazini mjini. Watoto wanamwita Bibi. Wazazi wanamwita Mama, hata wale wanaomkaribia umri, na wasichana wawili wanaomsaidia wanamwita hivyohivyo. Nilipewa nafasi pembeni ya ukuta na sharti moja: nisimwite mtoto, nisubiri aje mwenyewe.

Kazi ya kwanza ni kupiga magoti. Bibi anaingia chumba kikubwa kwa magoti, polepole, akikagua kuta, sakafu na chini ya meza kwa kimo cha mtoto. Kutoka huko chini yanaonekana mambo ambayo mtu mzima aliyesimama hayaoni: waya wa feni unaoning'inia, sarafu iliyoviringika chini ya kabati, ncha ya kitambaa cha meza inayouita mkono mdogo uivute. Anaondoa kimoja baada ya kingine. Birika la chai linapelekwa jikoni, na mlango wa jikoni una komeo juu. Sabuni ya unga na dawa ya choo viko stoo, kwa kufuli. Kila anachokiondoa asubuhi ni "acha!" moja ambayo hatalazimika kuitamka mchana. Mtoto anayeambiwa acha, toka, usiguse tangu kunapambazuka hufika mahali masikio yake yakazoea, na siku ya hatari ya kweli, neno hilo halimsimamishi.

Akishaondoa, anatandika. Jamvi la kujengea linapata vifuu vilivyosuguliwa kwa msasa hadi kingo zikawa laini, makopo ya maziwa yaliyokunjwa midomo, na vipande vya mbao alivyoomba kwa fundi seremala wa mtaani. Uani, chini ya mwembe, anaweka mabeseni mawili ya maji kidogo, yasiyozidi kina cha kiganja, na msaidizi mmoja kazi yake ni kukaa hapo asiondoke. Pembeni kuna masufuria kuukuu na miiko. Vizibo vya chupa na shanga havitoki, kwa kuwa watoto wa umri huu bado wanaonja dunia kwa mdomo.

Kila kinachopendwa kipo zaidi ya kimoja. Magari ya makopo yenye magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala chakavu yapo matatu, yanafanana hata rangi. Lilipokuwa moja, Bibi anasema, asubuhi nzima ilikuwa ya kuamua ugomvi. Akaenda kwa kijana anayeyatengeneza, akaagiza mengine mawili ya namna ileile. Mtoto wa miaka miwili ndiyo kwanza anaanza kugundua kwamba mwenzake naye anataka. Kungoja zamu ni somo la baadaye, linalohitaji miezi. Kumwekea kitu kimoja pamoja na wenzake watano, kisha kumkaripia kwa kukigombania, ni kumtega.

Saa kumi na mbili na nusu mlango unagongwa. Mama ana furushi la nguo begani, mtoto mkono wa pili, na macho yake yameshafika sokoni. Hapa Bibi hana mzaha: mama asitoroke. Wengi hupenda kumngoja mtoto ageuke, kisha wanyate. Machozi hayaonekani, kwa hiyo mama anaondoka na moyo mwepesi, lakini anayebaki nayo ni mtoto, ambaye atashinda akitazama mlango. Bibi anachuchumaa, anaweka kiganja chake wazi hewani, hamvuti mtoto. Anamwelekeza mama aage kwa maneno ambayo mtoto anaweza kuyatumia: "Mama anaenda sokoni. Utakunywa uji, utalala, ukiamka utacheza kidogo, mama anakuja." Saa kumi jioni haina maana yoyote kwa mtoto huyu. Uji una maana. Kulala kuna maana. Mtoto analia, mama anaondoka huku akionekana, na kile kiganja bado kiko wazi. Baadaye kidogo vidole vidogo vinakishika.

Salamu nayo ina namna yake. Mmeona jinsi mtoto anavyosukumwa kisogoni mbele ya mgeni: "Amkia! Mwamkie Bibi! Huna adabu?" Mtoto anajificha nyuma ya kanga, watu wazima wanacheka au wananuna, na heshima inaingia kichwani mwake kama aibu. Kwenye mlango huu, mama ndiye anayeanza: "Shikamoo, Mama." Bibi anaitikia "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya kusikika, kisha anamgeukia mtoto na kumtazama kwa uso uliokunjuka. Anangoja. Mtoto akinong'ona "kamoo", anaitikiwa marahaba kamili, isiyopunguzwa kitu, kama aliyoipata mama yake. Akinyamaza, Bibi anatabasamu na mambo yanaendelea. Yule niliyemwona amejificha siku ya kwanza, siku nyingine aliniamkia mimi, bila kusukumwa na mtu, akasimama kungoja jibu lake.

Watoto wakishatapakaa kati ya jamvi na mabeseni, huanza sehemu ya kazi ambayo ukiangalia kwa haraka utadhani Bibi hafanyi kitu. Amekaa kwenye kigoda mahali anapoona pande zote. Macho yanazunguka. Anatafuta jambo jema, dogo, linalotokea sasa hivi.

Mtoto wa kike mwenye gauni la njano ameshika kata. Anachota maji, nusu yanamwagika, anayobakiza anayamimina kwenye kikombe cha jirani yake. Hajatumwa. Huenda hata hakukusudia wema wowote, kikombe kilikuwa karibu tu. "Umemwekea mwenzako maji," Bibi anasema. Hakusema mtoto mzuri, hakupiga makofi. Ametaja kitendo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Mtoto anainua uso, anamtazama Bibi, anatazama kikombe. Anachota tena. Safari hii kata inakwenda kwenye kikombe cha jirani moja kwa moja, taratibu, ulimi ukiwa nje kwa bidii. Mvulana wa beseni la pili, aliyesikia, naye anatafuta kikombe cha kujaza.

Nilikaa pale nikisikiliza sentensi hizo zikitoka moja moja. "Umesubiri kata." "Umemshika mkono mdogo wako." "Umeokota mwiko ulioanguka." Zote zina kitenzi. Mtoto akiambiwa ni mzuri, hajui azidishe nini. Akiambiwa amesubiri kata, anajua. Tena Bibi husema palepale, kabla kitendo hakijapoa, kwa sababu mtoto huyu hawezi kuunganisha sifa ya jioni na tendo la asubuhi.

Naona hapa ndipo wengi wetu tunapokosea majumbani. Mtoto akicheza kimya tunashukuru Mungu, tunarudi kwenye simu au jikoni. Akimpiga mdogo wake, tunafika mbio, tunamtazama usoni, tunasema naye maneno mengi. Mtoto ana akili ya kutosha kuona kipi kinamleta mama. Bibi amegeuza mpango huo juu chini: utulivu ndio unaomleta yeye.

Pipi hatoi. Nilimuuliza, akasema pipi humfanya mtoto aitazame pipi. Kuna jaribio mashuhuri linaloafikiana naye. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika shule ya awali kwa watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri wakichora, wakachora, wakapewa. Baadaye kalamu zilipowekwa mezani tena bila ahadi yoyote, watoto hao walizishika kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa kabla, hamu yao haikupungua. Bibi hajasoma jaribio hilo, lakini kwa miaka mingi amewaona watoto waliozoeshwa hongo nyumbani wakinyoosha mkono kabla ya kuokota hata kijiko.

Sifa anaweza kuitoa akiwa mbali. Agizo hulipeleka kwa miguu. Mvulana mmoja amejaza mchanga kiganjani na mkono umeanza kupanda kuelekea nyuso za wenzake. Bibi hapigi kelele. Ameshainuka kabla mkono haujafika begani, anakwenda, anachuchumaa mbele yake, anaweka vidole viwili juu ya kiwiko chake bila kukibana, anangoja macho yakutane na yake. Ndipo anasema: "Mchanga unakaa chini." Kisha ananyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kulikonishangaza kuliko mengine yote. Mimi mwenyewe ulimi uliwasha, nilitaka kurudia, kueleza, kuongeza "umesikia?" Yeye aliendelea kumtazama mtoto kwa uso uleule, usiokasirika wala kutabasamu, huku mchanga ukivuja polepole kati ya vidole. Ubongo wa mtoto wa umri huu una safari ndefu. Sehemu ya mbele, inayosaidia kuzuia mkono uliokwisha kuanza kwenda, huendelea kukomaa hadi mtu ameshavuka miaka 20. Maneno yanaingia, yanatafsiriwa, yanashuka hadi kiganjani. Ukiongeza maneno mapya katikati ya safari hiyo, mtoto anaanza upya. Mkono ukashuka. Kiganja kikafunguka. "Umeuweka chini," Bibi akasema, akampa kopo la kujaza mchanga huohuo, akaondoka. Msaidizi wake mpya, msichana mwenye moyo mzuri na maneno mengi, bado anajifunza hili. Akirudia agizo mara ya tatu, Bibi humwinulia kidole kimoja kutoka upande wa pili wa ua, naye hukumbuka.

Agizo lenyewe husema cha kufanya: tembea, shika kwa mikono miwili, kaa karibu nami. Wala haulizi swali ambalo hayuko tayari kulipokea jibu. Hasemi "unataka kuvaa ndala?", kwa kuwa mtoto ana haki ya kujibu hataki. Husema: "Ndala utavaa mwenyewe, au tuvae pamoja?" Kwa njia zote mbili ndala zinaingia miguuni, lakini aliyeamua ni mtoto. Katika umri huu anaotaka kuamua kila kitu, hilo ni jambo kubwa kwake. Nimemwona mmoja akivaa ya kulia mguu wa kushoto, akaachwa hivyo, akatembea kwa fahari.

Kuacha mchezo ndiko kugumu kuliko kuuanza, na vilio vingi vya majumbani huzaliwa hapo: mtoto amezama kwenye jambo lake, mara ananyakuliwa kwa kwapa akaogeshwe. Bibi hutoa taarifa. Anakwenda kwenye mabeseni, anaonyesha vidole viwili: "Kumimina mara mbili, halafu kata zinapumzika." Wanamimina. Anakunja kidole kimoja. Wanamimina tena. Anakunja cha pili, anapiga makofi kwa mdundo mmoja ambao haubadilishi kamwe, na kila mtoto anapewa mzigo wake: huyu kata, huyu kikombe, yule mdogo kabisa kitambaa kimoja chenye unyevu. Wanakwenda kwenye kreti kwa msafara. Mwenye mikono mitupu hutafuta cha kufanyia fujo, hivyo hakuna anayeachwa mikono mitupu.

Hata hivyo siku haiendi bila kilio, na mtu akikuambia ana dawa ya kuondoa vilio vya watoto wa miaka miwili, usinunue. Mtoto wa umri huo huwa na maneno machache tu, mengi yakiwa ya vitu na watu. Ndiyo kwanza anaanza kuunganisha mawili: mama njoo, nipe maji. Matamanio yake yamezidi maneno kwa mbali. Kinachobaki kinatoka kwa miguu na koo.

Mvulana mmoja amegoma kurudisha gari la kopo. Msaidizi amelishika, na mtoto anajitupa chini. Anapiga mateke, anajipiga kisogo mchangani, sauti imefika barabarani. Nilitazama mikono ya Bibi. Mkono wa kwanza ulisogeza kifuu na kipande cha mbao vilivyokuwa karibu na kichwa. Wa pili uliweka kanga iliyokunjwa chini ya kisogo. Akaketi chini, hatua moja kutoka kwake, mgongo wake ukiwakinga watoto wengine wasimzunguke kumtazama. Msaidizi akawaita kwenye uji. Kwa sauti ndogo, mara moja tu, Bibi akasema: "Umekasirika. Ulitaka gari." Halafu kimya. Hakumbembeleza kwa kumrudishia gari, hakumtisha, hakumwambia wanaume hawalii. Mateke yalipopungua, alisogea. Pumzi ilipoanza kukatika vipande vipande kama itokavyo baada ya kilio kikubwa, akanyoosha mkono. Mtoto akapanda mapajani. Akanywa maji. Hapakuwa na hotuba. Bibi akachukua lile gari, akampa alishike, wakaenda wote wawili hadi kwenye rafu, na mtoto mwenyewe akaliweka. "Umelirudisha," akaambiwa. Uji wake ulikuwa bado vuguvugu, ulikuwa umefunikwa sahani.

Jirani mmoja, mwanamume wa makamo aliyechungulia juu ya uzio kwa sababu ya kelele, alishauri fimbo. Alisema kwa nia njema. Ndivyo wengi tulivyolelewa. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inasema wazi kwamba adhabu haihalalishwi pale ambapo mtoto, kwa umri wake mdogo, hawezi kuelewa kusudi lake. Mtoto wa miaka miwili aliyechapwa kwa kumpiga mwenzake ameonyeshwa kwamba mkubwa anaweza kupiga. Hata ile mbinu inayoonekana laini, ya kumtishia kwa askari, zimwi au daktari wa sindano, Bibi ameipiga marufuku kwa wasaidizi wake. Siku mtoto huyo atakapoumwa, atapelekwa kwa daktari yuleyule, naye atang'ang'ania nguzo ya mlango wa zahanati. Na siku atakapopotea sokoni, atamkimbia askari.

Kuuma kuna utaratibu mfupi. Mtoto mmoja alimuuma mwenzake mkononi, meno yakaacha alama. Bibi alikwenda kwanza kwa aliyeumwa, akampakata, akaosha mahali pale kwa maji na sabuni. Aliyeuma alisimama akitazama, na kwa muda huo wote hakuna aliyemjali. Kisha akaambiwa, uso kwa uso: "Meno ni ya chakula. Mwenzako ameumia." Akapewa kitambaa chenye maji baridi ampelekee. Hakulazimishwa kusema samahani, neno ambalo watoto wengi hulitamka haraka ili waachiliwe. Alipeleka kitambaa, akakibandika kwenye bega badala ya mkono, akakaa pale. Siku iliyobaki msaidizi mmoja alishinda hatua mbili kutoka kwake, na kabla ya kulala alipewa karoti nene atafune mbele ya msaidizi huyo, kwani magego yalikuwa yanatoka.

Magego hayo Bibi aliyajua tangu asubuhi, kwa udenda na kwa ngumi iliyokuwa haitoki mdomoni. Anasoma miili. Anayejikwaa mara mbili bila sababu ana usingizi. Anayesugua sikio ana usingizi au ana homa, na mgongo wa kiganja hupita shingoni mwake kuhakikisha. Anayelilia kila kitu saa nne asubuhi hakula vizuri nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 unaosema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Wengi wa watoto hawa huamshwa alfajiri ili mama awahi kutandaza bidhaa. Kwa hiyo magodoro hapa hutandikwa mapema kuliko vituo vingine, kabla ya saa sita. Msaidizi mpya alidhani ni kuwapumzisha walezi. Sasa ameshaona kwamba fujo nyingi za mchana ni usingizi uliokosa mahali pa kukaa.

Kwenye uji, kila mtoto hunawa kwa maji yanayotiririka kutoka kwenye ndoo yenye koki, na Bibi hunawa nao, akisugua katikati ya vidole bila kusema lolote, nao wanamwiga. Uji ukimwagika, na humwagika kila siku, aliyemwaga hupewa kitambaa. Anafuta, anapaka zaidi kuliko anavyofuta. Bibi anamalizia sehemu iliyobaki baadaye, mtoto akiwa amegeuka, ili kazi yake isionekane imerudiwa.

Kazi hii ina jina hata katika mipango ya taifa. Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Ilijengwa juu ya nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo hizo zimetoka katika mpango wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia pamoja na washirika wao. Afya na lishe tunazipima kwa mizani na kadi ya kliniki. Malezi yenye mwitikio hayana mizani. Ukitaka kuyaona, itakubidi ukae chini mahali kama hapa na utazame mtu akingoja mchanga uvuje kiganjani mwa mtoto.

Jioni, mama anapofika na furushi lililopungua, Bibi humpa habari moja mbele ya mtoto, na habari hiyo ni ya jambo jema lililotendeka. "Leo amemwekea mwenzake maji." Mambo ya kuuma na kugaragara huyasema pia, kwa kuwa mzazi ana haki ya kujua, lakini huyasema pembeni, mtoto akiwa ameshakwenda kuchukua ndala zake. Hasemi mtoto ni mkorofi, hasemi ni mtundu. Anasema kilichotokea, saa ngapi, na walichofanya. Mama mmoja, amechoka, jua limempiga, alisikia habari ya maji akainama kumtazama mwanawe kwa namna ambayo sidhani alikuwa amemtazama asubuhi. Mtoto akaanza kumwonyesha kwa mikono: kata hivi, kikombe hivi.

Bibi na wasaidizi wake wanalipwa kwa ada ndogo zinazokuja kwa kuchelewa, na baadhi ya miezi haziji zote. Maofisa ustawi wa jamii wanaokagua vituo vya kulelea watoto mchana huangalia vyoo, uzio na madaftari, na ni haki yao. Ningewaomba waongeze jambo moja: wavue viatu, wakae kwenye jamvi asubuhi nzima, watazame mlezi anachuchumaa mara ngapi na ananyamaza lini, na wakimpata anayeijua kazi hii, wawalete walezi wa vituo vya jirani wajifunze kwake, kwa malipo. Nawe mzazi unayemwachia mtu mwanao kutwa nzima, mlipe ada yake tarehe mliyokubaliana.